Saa Sita, Paneli Sawa

Jumatatu, 13 Oktoba

Kitabu hiki nimepewa leo na Madam Mwongeli, fundi wa stima ya jua hapa sokoni. Amesema niandike kila siku vitu vinne: hali ya hewa, betri ya asubuhi, betri ya jioni, na saa sita nikishapanda ngazi kukagua paneli, niandike nimekuta nini. Hakusema nisiandike mengine. Kurasa ni mia mbili na mdomo ninao, kwa hivyo zitajaa.

Mimi ni Kiema, miaka kumi na tisa. Shule niliiacha Form Two, au iliniacha, inategemea unauliza nani. Lakini kwa mabati na gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, kuanzia hapa Machakos mpaka Tala hakuna kijana wa kunishika shati. Sasa nimeongeza stima.

Mambo yako hivi. Mji unataka masoko yake yajitengenezee stima kutoka kwa hili jua linalotuchoma kila siku. Banda letu, hapa chini ya milima ya Iveti, ndilo la kwanza. Juu ya mabati kumefungwa vioo ishirini na nne, ndizo hizo paneli, safu tatu, kila safu vinane. Vinalisha taa, vinachaji simu, na vinaendesha chumba baridi ambamo Mama Mutheu, mwenyekiti wa soko, anaweka maziwa, na watu wa Kathiani wanaweka matunda.

Lakini tunajaribiwa. Injinia Rodgers wa ofisi ya mradi, mwenye kofia ya manjano ambayo haijawahi kugongwa na kitu, ameweka sheria. Betri ikishuka chini ya ishirini kwa mia, chumba baridi kinajizima chenyewe. Kikijizima mara tatu kabla ya sikukuu ya Jamhuri, 12 Desemba, vioo vinashushwa na kupelekwa Katelembo, shambani kwa Bwana Masila. Huyo ameshafyeka nyasi na kuzungusha ua, anangoja tu tushindwe. Stima itakuwa yake, sisi tutakuwa wateja wake.

Vioo vikienda, mimi narudi kubeba kreti. Kwa hivyo haviendi. Nimeandika.

Jua kali. Asubuhi 71, jioni 94. Saa sita: paneli sawa.

Jumanne, 14 Oktoba

Jua. 73, 95. Saa sita: paneli sawa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nimegombana na susu yangu, nyanya aliyenilea, na mbele ya watu. Anaitwa Wayua. Anauza sukuma wiki na mchicha nyuma ya banda pamoja na wenzake watatu. Huko nyuma paa limeinama karibu na ukingo wa udongo, mtu akisimama juu ya ukingo anashika mabati kwa mkono. Hapo ndipo gata ilipo, na chini yake tangi kubwa la maji la soko. Miaka yote paa hilo limekuwa shamba la maji. Mboga zinaoshwa nayo, chai inapikwa nayo, choo kinasafishwa nayo.

Siku vioo vilipoletwa, Susu alimuuliza Injinia swali moja tu, maji yatapita wapi. Injinia akasema yatapita pale pale. Leo Susu amerudia hiyo hadithi mara ya hamsini, nikamwambia dunia imesonga, aache mambo ya ndoo. Akaniambia nikisonga na dunia nisisahau kuoga.

Watu wamecheka. Mimi pia, lakini kidogo.

Jua. 74, 93. Saa sita: paneli sawa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, na shujaa niko kazini. Wanza wa chapati ananiuliza mbona kila saa sita ananiona kwa benchi lake na hajawahi kuniona juu ya ngazi. Nimemwambia kioo hakina miguu, kitaenda wapi? Fundi wa kweli anaisikia mitambo yake akiwa ameketi. Akasema kumbe na maharagwe yake yanaisikia pia, maana nayamaliza mimi.

Anapenda kunichokoza. Tunajua maana yake.

Mawingu mepesi. 70, 88. Saa sita: paneli sawa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua ya kwanza, saa tisa mchana, na si ya kuchezea.

Tulitoka wote kusimama nyuma ya banda kusikiliza tangi likilia maji yakiingia. Halikulia. Maji yalishuka juu ya vioo kama yanafukuzwa, na yalipofika mwisho hayakuingia kwa gata, yaliruka. Yaliiruka gata yote na kutua kwa ukingo, yakachimba udongo na kuubeba mpaka barabarani. Bati lina mikunjo, linayashika maji mkono na kuyateremsha. Kioo kinayasukuma tu. Kwa saa nzima ya mvua, tangi lilipata labda ndoo mbili.

 Susu alisimama kwa mvua na gunia kichwani akanitazama, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno.

Mama Mutheu ndiye alisema. Alisema akina mama walikubali vioo kwa sababu waliahidiwa maji hayataguswa. Katikati ya Novemba tangi likiwa tupu, hawatamngoja Injinia, wataleta ngazi wenyewe. Injinia alipigiwa simu akasema michoro imefungwa, hakuna mtu kugusa kitu.

Sasa niambie. Injinia anataka kushusha vioo stima ikikosa, akina mama wanataka kushusha vioo maji yakikosa, na katikati kuna nani? Kuna Kiema, bingwa wa gata. Kesho naigusa.

76, 69. Saa sita: paneli sawa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeigusa. Nimelegeza vishikio vya gata, nikaivuta nje vidole vinne, nikafunga kwa waya. Kazi ya saa moja. Ofisi nzima iliyojaa vyeti haikuliona hilo.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua ya mchana tena, na tangi limefika magoti.

Nimezunguka soko lote nikiwapa watu nafasi ya kunishukuru. Mama Mutheu amenipa kikombe cha maziwa lala bila kuombwa. Akina mama wa mboga wamenipigia vigelegele, Susu akiwa kati yao, ingawa chake kilikuwa kifupi. Nimemwambia Wanza atafute mtu wa kumfundisha kutamka neno injinia, maana ataolewa na mmoja.

Ile turubai ya kijani tunayoanikia maharagwe nyumbani haionekani. Susu anasema labda imeliwa na mbuzi. Hatuna mbuzi.

68, 61. Saa sita: paneli sawa.

Jumatatu, 3 Novemba

Mawingu, mvua kidogo. Tangi nusu. 55, 52. Asubuhi yote jua lilikuwa likipenya mawingu vizuri na betri haikupanda. Hiyo nimeiandika tu. Saa sita: paneli sawa.

Alhamisi, 6 Novemba

Saa kumi na nusu chumba baridi kilikohoa kikanyamaza. Mara ya kwanza.

Madam Mwongeli alikuja na pikipiki, akafungua kisanduku, akapima nyaya zote, hakupata ubaya. Akaniuliza kama vioo viko sawa. Nikasema viko sawa. Akaniangalia, halafu akaangalia kitabu, akaenda.

Mimi najua ubaya uko wapi. Ni betri. Ofisi imetuletea betri zilizochoka.

38, 19. Saa sita: paneli sawa.

Jumatatu, 10 Novemba

Injinia Rodgers amekuja, na nimemla mzima.

Watu walikuwa wamejaa kwa sababu ni siku ya soko. Alisimama kwa mlango wa chumba baridi akieleza habari ya mawingu na msimu, nikainua mkono kama mwanafunzi mzuri.

"Injinia, samahani. Hizi betri ulizitoa wapi, kwa rundo la mitumba?"

Soko lilianguka kicheko. Hata mzee wa viatu, ambaye hajacheka tangu uchaguzi. Injinia hakukasirika, na hiyo ilinikera. Aliuliza kwa sauti ndogo nani anakagua vioo saa sita. Nikasema ni mimi, kila siku, haki ya Mungu. Akaomba kitabu, akafungua akisoma tu mwisho wa kila siku kwa kidole. Sawa. Sawa. Sawa. Akakirudisha.

Akiondoka, Mama Mutheu alitoa wazo la barua. Soko zima litie sahihi, barua iende juu, iseme Injinia Rodgers alituwekea betri mbovu ili tushindwe na vioo viende kwa Masila. Watu waliniangalia mimi. Nikasema ni kweli. Nikatia sahihi ya kwanza, kubwa, na mkia.

47, 33. Saa sita: paneli sawa.

Ijumaa, 14 Novemba

Mara ya pili. Maziwa ya Mama Mutheu yameharibika, mitungi mitatu mizima. Hakupiga kelele. Aliivingirisha mpaka nje, akaimwaga kwa mtaro mmoja mmoja huku akihesabu majina ya ng'ombe walioyatoa, kila ng'ombe kwa jina. Mbwa wa mji mzima walikuja.

Barua iko na sahihi mia moja na arobaini.

Tangi limejaa mpaka shingoni. Angalau hilo ni langu.

36, 17. Saa sita: paneli sawa.

Jumatatu, 17 Novemba

Mara ya tatu. Saa tisa na dakika kumi.

Injinia ameandika: lori la kushusha vioo litakuja Jumamosi. Alhamisi kuna mkutano wa soko, aje aseme yake na sisi tuseme yetu. Mama Mutheu anasema siku hiyo barua itasomwa kwa sauti na mimi ndiye nitakayeisoma, kwa sababu niko na mdomo.

Madam Mwongeli amekuja jioni na karatasi. Mashine yake inaweka kumbukumbu ya kila saa. Ameona kila siku ya mawingu, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, stima inayoingia ni nusu tu. Asubuhi na mapema iko kamili. Jioni iko kamili. Akasema betri haijui saa, Kiema. Kitu kinachojua saa ni mtu.

Jumanne, 18 Novemba

Leo nitaandika kirefu, na nitaandika jinsi ilivyo.

Mawingu yalianza saa mbili. Saa sita nilikuwa kwa benchi la Wanza, chapati mkononi. Maneno ya Madam yalikuwa yananiwasha. Niliiweka chapati chini. Wanza akauliza kama ninaumwa. Nikachukua ngazi, nikapanda.

Safu ya juu sawa. Safu ya kati sawa. Safu ya chini haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na turubai ya kijani, imetandikwa kutoka kioo cha kwanza mpaka cha nane, imefungwa kwa kamba za katani, na upande wa chini imekunjwa vizuri kama mdomo wa birika, inaelekea moja kwa moja kwa tangi. Ilikuwa na tundu la kuungua pembeni. Hilo tundu nalijua. Nililitoboa mimi na jiko nikiwa darasa la sita.

Madam alishatufundisha kwamba kila kioo kimefungwa kwa mwenzake kama ng'ombe kwa nira, mmoja akilala, wengine hawatembei vizuri. Na hapa vilikuwa vimelala vinane.

Niliangalia gata yangu, ile niliyoivuta vidole vinne. Ilikuwa kavu. Shomoro alikuwa amejenga kiota ndani yake na alikuwa amekaa ananitazama kama mwenye nyumba.

Nilizunguka nyuma. Susu alikuwa anafunga mafungu ya mchicha.

"Susu, hii ni nini?"

"Ni turubai."

"Naona ni turubai. Inafanya nini juu ya stima?"

"Haiko juu ya stima. Iko juu ya paa langu la maji. Stima ndiyo imeingia chini yake."

Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema tangu Jumatatu ile baada ya mvua ya kwanza. Anaitandika asubuhi akiona wingu, anaitoa jioni kabla sijaja kusoma betri, anaiweka chini ya magunia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba gata yangu haikufanya kazi. Akaendelea kufunga mchicha.

"Soko zima lilikuwa linamsifu mjukuu wangu. Ningesimama niseme nini?"

Nilikasirika. Nikamwambia amelizima soko, amemwaga maziwa ya Mutheu, amemfanya Injinia mwizi mbele ya watu mia moja na arobaini. Hapo ndipo aliweka mchicha chini.

"Mwana wakwa, wewe si unapanda saa sita? Kila siku unaandika umepanda. Siku ya kwanza nilingoja unikaripie. Nikangoja ya pili. Wiki ikaisha. Nikasema basi, mtoto ameona, amejua maji ni muhimu, amekubali. Mimi nilifikiri tuko pamoja."

Nimeandika hayo kama alivyoyasema. 

Tuliifungua turubai pamoja. Mikono yake inatetemeka akifunga kamba siku hizi, lakini vifundo vyenyewe havitetemeki.

Betri asubuhi 24. Jioni 41. Saa sita: safu ya chini imefunikwa. Tangu 27 Oktoba. Zote nilizoandika sawa, sikupanda.

Jumatano, 19 Novemba

Nimefikiria siku nzima nikisaidia watu kubeba kreti.

Turubai imeshatoka. Hakuna anayejua ila mimi, Susu, na wenzake watatu wa mboga ambao midomo yao imeshonwa. Kesho nasoma barua, lawama yote inaenda kwa Injinia, labda anafutwa kazi, labda vioo vinabaki. Mimi nabaki bingwa. Susu anabaki mama mzuri wa mchicha. Ni rahisi hivyo.

Lakini maji bado yanairuka gata. Vioo vikibaki kwa uongo, mvua ya wiki ijayo italeta turubai nyingine.

Na yule shomoro.

44, 57. Saa sita: nimepanda. Kavu. Zote ishirini na nne zinaonekana.

Alhamisi, 20 Novemba

Mkutano ulikuwa ndani ya banda, saa nane, watu wamekaa kwa magunia na kreti. Injinia Rodgers alikaa mbele peke yake, kofia magotini. Mama Mutheu alinipa barua. Nikaiweka mfukoni nikatoa kitabu hiki.

Nilisoma kuanzia 13 Oktoba. Nilisoma betri, nikasoma mvua, na kila nilipofika kwa paneli sawa nilisema, sikupanda. Mara ya kwanza walicheka, walifikiri ni mchezo wangu. Mara ya nne waliacha. Kufika tarehe sita Novemba ungesikia nzi akipangusa miguu. Niliwaambia habari ya turubai, lakini sikutaja jina. Nilisema tu kwamba mtu aliitandika mbele ya macho yangu na macho yangu yalikuwa kwa benchi.

Susu alisimama bila kuitwa.

"Ni mimi. Msimtafute mtu mwingine. Na mkirudisha maji yangu kwa njia nyingine, sitagusa tena. Msiporudisha, nitagusa."

Mzee wa viatu aliuliza huyu mama anaomba msamaha au anatisha. Susu akamwambia achague mwenyewe.

Injinia alisema anashukuru kusikia ukweli, lakini hesabu ni hesabu. Mara tatu ni mara tatu, na ofisi imeshaagiza lori. Hapo Mama Mutheu aliinuka. Nilijua ananijia mimi, maana maziwa ni yake. Alichomoa barua mfukoni mwangu, akaichana mara mbili, akamwomba Injinia radhi mbele ya wote. Halafu akabadilisha sauti.

"Makosa ni yetu. Na paa ni letu. Vioo havishuki."

Alisema Jumamosi ni mwethya. Kwa mtu wa mbali atakayesoma hii: mwethya ni pale kijiji kizima kinatoka kufanya kazi moja siku moja, bila kuulizana nani mwenye shamba. Hivyo ndivyo milima yetu yote ilichimbwa matuta. Aliyekosa kuja anajulikana.

Madam Mwongeli aliningoja mlangoni. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo wa kisanduku cha betri, ule alionipa pamoja na kitabu hiki. Uzito wake mfukoni nilikuwa nimeuzoea.

51, 66. Saa sita: nimepanda. Kinyesi cha ndege kwa kioo cha tano, safu ya kati. Nimekipangusa.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilikuja saa moja nikidhani nitakuwa wa kwanza. Nilikuta akina mama zaidi ya thelathini kwa ukingo, wengine na majembe, wengine na mabati ya zamani vichwani. Wanza alikuwa na sufuria ya chai ya kuogea.

Shida ilikuwa namna ya kuyarudisha maji kwa gata. Niliwaeleza tutavuta gata nje zaidi. Susu akasema nje haina mwisho, mvua kubwa inaruka mbali, ndogo inaruka karibu, nitavuta mpaka Katelembo? Nikamwambia basi aseme yeye. Akachukua jembe na kunionyesha ukingo wenyewe, ulivyochimbwa. Maji ya mlimani huyafuati yanakoruka, alisema. Unatupa udongo upande, unainua ukuta, yanakuja yenyewe yanaugonga na kuanguka ndani ya mtaro.

 Nikasema hiyo ndiyo nilikuwa karibu kusema, na akina mama wote wakasema eeeh kwa pamoja, kwa ile sauti.

Tukafanya hivyo kwa bati. Nilikata vipande vya urefu wa mkono, nikavipinda, tukavisimamisha kwa ukingo wa nje wa gata kama ukuta, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Madam alizima mitambo, akasimama kwa ngazi akiangalia kwamba hakuna ukuta unaotia kivuli kwa kioo. Akina mama walipitisha bati mkono kwa mkono wakiimba, na ukiimbiwa hivyo huwezi kupinda bati vibaya. Kiota cha shomoro Susu alikihamisha kwa mti wa jirani, kwa mikono miwili.

Saa tatu lori lilifika na vijana wanne. Dereva aliuliza nani mwenyewe. Akina mama waliendelea kuimba. Akauliza tena. Mama Mutheu akamwambia wenyewe ni hawa, aanze kuwauliza mmoja mmoja. Wanza akawapa chai. Kijana akishika kikombe cha Wanza, spana inaanguka.

Injinia alifika saa nne. Hakupiga kelele. Alizunguka nyuma akatazama ukuta wa bati, akaugonga na kidole, akaomba kitabu changu. Alisoma amesimama, kurasa zote, na si mwisho tu. Nilikumbuka nimeandika nini kuhusu kofia yake. Alipofika hapo aliivua akaiangalia.

Alisema hesabu zangu, ukiondoa sawa zangu, zinaonyesha kitu. Nusu ya stima ilibeba soko wiki tatu nzima za mvua na ilianguka mara tatu tu. Vioo vikiwa wazi vyote, vitabeba.

"Na mimi sikusoma miaka hiyo yote nije kupanda vioo ndani ya ua wa mtu mmoja," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini dereva alisikia, akamaliza chai.

Ameandika kwa kalamu nyekundu hapa chini mwenyewe:

Mpaka Jamhuri. Mara moja tu ikizima, ninashusha mimi kwa mikono yangu. R.

Mbaya sana huyu mtu. Nimeanza kumpenda.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua ya saa kumi. Maji yaligonga ukuta yakaanguka ndani ya gata kama yametumwa. Susu aliweka sikio kwa tangi. Hakupiga kigelegele. Aliniuliza kama nimekula.

62, 74. Saa sita: nimepanda, ishirini na nne.

Jumatatu, 1 Desemba

Mawingu. 70, 63. Nimepanda. Ishirini na nne.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua tangu asubuhi mpaka jioni. 58, 47. Nimepanda na gunia kichwani. Ishirini na nne.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Milima ya Iveti haionekani. 42, 34. Ishirini na nne, zote zimeoshwa, hakuna cha kuziangazia.

Bwana Masila amepita na gari lake polepole. Nimempungia mkono.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua. Asubuhi 30.

Mama Mutheu alizunguka banda lote. Hakuamuru. Alizima taa ya kibanda chake, akachomoa simu yake, akaenda kwa jirani akasimama hapo mpaka jirani akazima yake. Kufikia saa nne banda lilikuwa giza mchana, watu wanapima nyanya kwa vidole. Wanza alipika chapati kwa mwanga wa moto. Kinyozi alifunga mashine akakata watu kwa mkasi, na ndiyo maana leo nusu ya soko inafanana. Kilichobaki kikiunguruma ni chumba baridi peke yake.

Jioni 25.

Ijumaa, 5 Desemba

Asubuhi 22.

Saa tatu 22. Saa nne 21. Injinia alikuwa amekuja na spana, amekaa kwa kreti. Madam macho kwa kisanduku. Mimi sikumchokoza mtu, na Susu akasema sasa anaamini mambo ni mabaya.

Saa sita nilipanda. Nilikuwa juu pale nimeshika kioo cha mwisho cha safu ya chini, mvua ikawa manyunyu, kisha nikaona kivuli changu kwenye kioo. Chembamba, halafu cheusi. Mgongo ukapata joto. Chini nilisikia Madam akisoma kwa sauti, ishirini na moja, bado ishirini na moja, ishirini na mbili, na soko zima likasoma naye. Ishirini na tano. Thelathini.

Jioni 46. Tangi limefurika, maji yanafika kwa mafungu ya mchicha ya Susu.

Injinia ametumia spana kukaza vishikio vya gata yangu. Anasema vilikuwa vimelegea. Ni uongo.

Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri. Vioo vinabaki. Mji umesema banda la pili litaanza Januari, na michoro ya paa sasa imechorwa pamoja na ukuta wa bati. Michoro haina jina langu. Nimemwonyesha Injinia mahali pa kuliandika.

Ufunguo wa kisanduku sijarudishiwa mimi. Madam amempa Susu. Anaufunga kwa kamba ya katani kiunoni na kila saa sita anasimama kwa ukingo, ananingoja nishuke, na sina ruhusa ya kusema lile neno. Ananiuliza nimegusa ngapi.

Leo nimeshuka na mikono yenye matope.

"Ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Ulikuwa na macho wazi?"

Nikamwambia nimeona vioo vyote ishirini na nne, jani moja kwa kioo cha tatu nimelitoa, tangi limejaa mpaka ulimi, shomoro ana watoto watatu, na ukinyoosha shingo unaona Katelembo, ua wa Masila, na ndani yake nyasi tupu zimeota mpaka kiunoni.

Akafikiria.

"Andika," akasema.

Asubuhi 83, jioni 96. Saa sita: nimeona hayo yote.